Homa Imekwisha, Mishipa Bado: Hotuba kwa Wagonjwa wa Baridi Yabisi na Wanaowauguza

Hotuba hii niliitoa mbele ya wagonjwa wa baridi yabisi, lupasi na magonjwa ya jamii hiyo, ambayo kinga ya mwili huupiga mwili wenyewe, pamoja na ndugu zao. Wengi waliotaka kuja hawakuweza, baadhi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Naiweka hapa nzima kwa ajili yao. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, ndugu wanachama, wauguzi, na ninyi mliowasindikiza wazazi wenu, wenzi wenu na watoto wenu: asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kufika. Najua kwamba kwa wengine wenu kuamka, kunyoosha vidole na kuvaa viatu ni kazi nzito hata kabla safari haijaanza.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni nani hapa aliwahi kuugua ugonjwa wa virusi, uwe mafua makali, uwe UVIKO, uwe dengi au chikungunya, homa ikaondoka, akaambiwa amepona, lakini yeye mwenyewe akajua kwamba mwili wake haujarudi? Inueni mikono tuone.

Mikono ni mingi. Asanteni, shusheni.

Leo nimebeba jambo moja, na nitalirudia mpaka likae: homa inaweza kwisha na mishipa ikawa bado. Kipimajoto kinasoma vizuri, kikohozi kimenyamaza, jamaa wameacha kuja kukujulia hali. Lakini ile mishipa midogo kabisa ya damu, iliyo kwenye ncha za vidole, kwenye figo, mapafuni, nyuma ya jicho, ndani ya msuli wa moyo, bado inajitengeneza. Kwa mtu yeyote hilo lina uzito. Kwa mwenye baridi yabisi, lupasi, skleroderma, yaani ugonjwa wa kukakamaa ngozi, au ugonjwa wa kuvimba mishipa, uzito wake ni mkubwa zaidi, na nitawaeleza kwa nini.

Tuanze na mishipa yenyewe. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alieleza kwamba damu huzunguka: hutoka moyoni kwa mishipa fulani na kurudi kwa mingine. Lakini maelezo yake yalikuwa na pengo. Damu inavukaje kutoka upande wa kwenda hadi upande wa kurudi? Harvey alifariki mwaka 1657 hajaiona njia hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi alilichunguza pafu la chura kwa hadubini, akaiona: vijishipa vyembamba ajabu vinavyounganisha pande mbili. Ndizo kapilari.

Ni nyembamba kiasi gani? Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kapilari nyingi zina upana wa maikromita 5 hadi 10. Kwa hiyo chembe hupita moja moja, na mahali pengine hulazimika kujikunja ili zipenye. Na ni hapo, katika wembamba huo, oksijeni inashushwa na taka zinachukuliwa. Kazi yote ya moyo, usiku na mchana, ni kuifikisha damu pale.

Wengi wetu tumezoea kuufikiria mshipa kama bomba. Bomba hupitisha tu. Halina maoni juu ya kinachopita. Mtu aliyetusaidia kuachana na wazo hilo ni mtafiti Mmarekani Robert Furchgott. Kwa miaka mingi alikata vipande vya mshipa mkubwa wa sungura, akaviwekea kemikali iitwayo asetilikolini, na vipande vikajikaza. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kisha mwaka 1978 vipande vilivyotayarishwa kwa namna nyingine vikafanya kinyume: vikalegea. Kemikali ile ile, mshipa ule ule! Hakulitupa jibu hilo kama hitilafu ya maabara. Alilifuatilia hadi akagundua kwamba ule utayarishaji wa zamani ulikuwa ukiusugua utando wa ndani ya mshipa na kuuondoa. Utando ukiwepo, mshipa hulegea. Utando ukiondoka, mshipa hujikaza. Alichapisha habari hiyo mwaka 1980. Baadaye ikajulikana kwamba utando huo hutoa gesi, nitriki oksidi, inayouambia msuli wa mshipa ulegee, na mwaka 1998 Furchgott alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Ndugu zangu, utando huo ni safu moja ya seli. Safu moja! Nao ndio unaoamua mshipa upanuke au ubane, damu ipite au igande, maji yabaki ndani au yavuje, askari wa kinga wapite zao au washuke wapigane. Kwenye mshipa mkubwa, nje ya utando kuna msuli na nyuzi za kuushikilia. Kwenye kapilari karibu hakuna kingine. Kapilari ni utando wenyewe. Ukiumia utando, kapilari imeumia yote.

Sasa virusi vinaingia wapi katika habari hii?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni dengi. Mgonjwa ana homa kali, kichwa kinapasuka, mifupa inauma. Siku zinapita, homa inashuka, nyumba nzima inashukuru Mungu. Na ni wakati huo huo, kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, ndipo kwa baadhi ya wagonjwa hatari inapoanza. Virusi vya dengi hutoa protini iitwayo NS1, ambayo huharibu tabaka laini la sukari linalofunika ule utando. Maji ya damu yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo kwa muda wa saa 24 hadi 48. Tumbo linauma sana, kutapika hakukomi, fizi zinatoka damu, mgonjwa analegea au anahangaika. Homa imekwisha, ndugu zangu. Mishipa ndiyo kwanza imeanza kuugua.

Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu ninyi kuliko watu wengine. Wangapi hapa wanameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya viungo? Nawaona. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu, na dawa hizo huongeza uwezekano wa kutoka damu, zikaitesa na figo ambayo tayari haipati maji ya kutosha. Ukipata homa mahali ambapo dengi ipo, dawa ya homa na maumivu ni parasetamoli kwa kipimo sahihi, na hizo nyingine ziweke pembeni mpaka upimwe. Kama unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maagizo ya daktari, usiamue peke yako kuacha wala kuendelea. Piga simu siku hiyo hiyo.

UVIKO nao ulitufundisha, kwa gharama kubwa mno. Mwanzoni tuliuona kama ugonjwa wa mapafu. Aprili 2020 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti kwamba wameona dalili za virusi ndani ya seli za utando wa mishipa, pamoja na uvimbe wa utando huo katika viungo kadhaa vya wagonjwa wao. Mwaka huo huo watafiti wengine walilinganisha mapafu ya watu waliofariki kwa UVIKO na ya waliofariki kwa homa ya mafua. Vibonge vidogo vya damu ndani ya kapilari za mapafu vilikuwa mara 9 zaidi kwa wale wa UVIKO. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, na wataalamu bado wanajadiliana kama kirusi huingia chenyewe ndani ya utando au kama madhara mengi huletwa na kinga iliyochachamaa. Kwa mgonjwa aliye kitandani tofauti hiyo si kubwa. Utando umeumia kwa njia moja au nyingine.

Mafua je? Wapo wanaosema "ni mafua tu." Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ya watu waliothibitishwa kwa kipimo cha maabara kwamba wana homa ya mafua. Katika siku 7 za mwanzo baada ya kipimo, uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa mara 6 kuliko nyakati nyingine za watu hao hao. Mara 6! Virusi vimekaa kooni na mapafuni, lakini mshipa wa moyo umesikia habari.

Haya yote ni kwa mtu wa kawaida. Sasa kwenu.

Magonjwa yenu yana majina tofauti, nasi tunayagawa kwa viungo: huyu ni magoti, huyu ni ngozi, huyu ni figo. Lakini yote yana tabia moja. Kinga inayopaswa kukulinda inaupiga mwili wako, na njia inayopita kufika kwenye kiungo ni mishipa midogo. Kingamwili zilizoshikamana na shabaha zake hukwama humo. Kemikali za uvimbe huuamsha utando kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kabla virusi havijabisha hodi, utando wako tayari una uchovu.

Ushahidi? Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walilinganisha wanawake wenye lupasi na wanawake wa kawaida. Kwa wale wa umri wa miaka 35 hadi 44, wenye lupasi walikuwa na uwezekano wa mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50. Umri huo, ambao hakuna anayemfikiria mwanamke na ugonjwa wa moyo! Kwa baridi yabisi ya viungo, wataalamu wa Ulaya wanashauri hesabu ya kawaida ya hatari ya moyo izidishwe mara 1.5. Na wenye skleroderma, zaidi ya 9 kati ya 10 wana kile alichokieleza Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862: vidole vinapigwa na baridi au na mfadhaiko, vinakuwa vyeupe, kisha vya buluu, kisha vinarudi vyekundu vikiwaka. Hiyo ni mishipa midogo ikibana kupita kiasi. Wagonjwa wengi huniambia vidole vilianza hivyo miaka mingi kabla ya ngozi kukakamaa.

Tena kuna ninyi ambao virusi vyenyewe ndivyo vilivyoleta ugonjwa wa mishipa. Hadithi hii naipenda kwa sababu ina tumaini ndani yake. Ugonjwa wa kuvimba mishipa unaoitwa poliateritisi nodosa ulielezwa Ujerumani mwaka 1866, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua unatoka wapi. Mgonjwa alipungua uzito, mguu ukapooza kuanzia kifundoni, utumbo ukakosa damu, shinikizo likapanda. Mwaka 1970 ndipo alama za kirusi cha homa ya ini aina ya B zilipopatikana kwa wagonjwa wa namna hiyo. Si kwa wote, lakini kwa sehemu kubwa. Kisha ikaja chanjo ya homa ya ini B. Na chanjo ilipoenea, ugonjwa huu wa mishipa unaotokana na homa ya ini nao ukapungua sana. Watu walichanjwa ini, wakaokolewa mishipa.

Homa ya ini aina ya C ina habari inayofanana. Kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1989. Kwa baadhi ya waathirika, kinga hutengeneza protini zinazoganda zikipata ubaridi, zikaziba mishipa midogo ya miguu, mishipa ya fahamu na figo. Miguu inatoka madoa mekundu yasiyofifia ukiyabonyeza, nyayo zinakufa ganzi. Leo kuna vidonge vinavyokiondoa kirusi hicho kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa katika wiki 8 hadi 12, na kirusi kikiondoka, wengi mishipa yao hutulia. Kwa hiyo mtu akikuambia una vaskulitisi, yaani ugonjwa wa kuvimba mishipa, uliza: nimepimwa homa ya ini B na C? Uliza bila haya. Ni haki yako kuuliza.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonileta hapa.

Nitawasimulia habari ya mgonjwa. Nimechanganya mambo ya wagonjwa kadhaa ili asitambulike mtu, lakini kila kipande kimetokea. Ni dada mwenye lupasi, ametulia miaka kadhaa, anameza dawa zake. Akapata ugonjwa wa virusi nyumbani, kila mtu aliugua. Homa siku tano, ikaisha. Akarudi kazini. Wiki ya tatu viatu vikaanza kumbana jioni. Akasema ni kusimama sana. Akaona mkojo una povu lisilokatika. Akasema ni maji machache. Kichwa kikauma asubuhi. Akasema ni usingizi. Kila dalili aliipatia sababu, na kila sababu ilikuwa na akili! Aliyemfikisha kliniki ni mdogo wake, ambaye alimwambia, "Dada, hizi zote zimekuja baada ya ile homa. Twende tu wakuangalie." Shinikizo la damu lilikuwa juu. Mkojo ulikuwa na protini na damu. Lupasi ilikuwa imeamka ndani ya figo.

Kwa nini figo? Kwa sababu kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio ni fundo la kapilari. Figo ni mishipa midogo iliyokusanyika mahali pamoja. Karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa lupasi hupata ugonjwa wa figo wakati fulani, na mwanzoni figo haiumi. Nasema tena: haiumi. Huwezi kuisubiri ikuambie. Inabidi uiulize, na swali lenyewe ni kikombe cha mkojo na kijiti cha kupimia. Ni kipimo rahisi, matokeo yake hutoka dakika chache, na kimeokoa figo za watu wengi kuliko mashine nyingi kubwa. Yule dada alitibiwa mapema, na figo zake zinafanya kazi.

Kwa hiyo baada ya ugonjwa wowote wa virusi uliokulaza, hata kama unajisikia vizuri, pima mkojo na shinikizo la damu ndani ya wiki chache. Usisubiri tarehe ya kliniki iliyo mbali. Mwenye skleroderma, shinikizo ulichukulie kwa uzito wa pekee, maana kwako likipanda ghafla figo zinaweza kuharibika kwa siku chache, na kuna dawa mahususi inayofaa kuanzwa mara moja.

Angalia na vidole. Vinakuwa vyeupe mara nyingi kuliko zamani? Kuna kidonda kwenye ncha? Madaktari wenye kifaa cha kukuza huitazama ngozi iliyo pembeni ya ukucha, kwa sababu pale kapilari zimelala karibu na uso na zinaonekana. Kapilari zilizotanuka kupita kiasi, vidoa vya damu, mahali palipobaki patupu: hayo ni maandishi ya ugonjwa, na tangu mwaka 2013 ni sehemu ya vigezo vya kimataifa vya kuitambua skleroderma. Katika miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO watu wengi wasio na ugonjwa wowote walitokewa na vidole vya miguu vyekundu vilivyovimba kama vilivyopigwa na baridi kali. Vingi vilipona vyenyewe. Lakini kwako wewe kidole chenye kidonda, au kinachogeuka cheusi, hakingoji wiki.

Na haya hayangoji hata kesho: pumzi inayokata ghafla, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, upande mmoja wa mwili kulegea, jicho kupoteza kuona, kukohoa damu, kifundo cha mguu au kiganja kushindwa kunyanyuka, madoa ya zambarau yasiyofifia. Ndugu mnaowauguza, haya ni yenu hasa. Mgonjwa aliyezoea maumivu hujizoeza na kila kitu. Ninyi ndio mtakaosema "twende."

Kuna jambo moja la maabara niliseme kwa sababu limewasumbua wengi. Baada ya maambukizi ya virusi, mwili unaweza kutoa kwa muda zile kingamwili zinazohusishwa na damu kuganda. Unapimwa, unaambiwa zipo, usiku hulali. Kipimo kimoja hakitoshi kukupa jina la ugonjwa wa damu kuganda. Kinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, na mara nyingi zinakuwa zimeondoka. Kama una bonge la damu tayari, hilo litatibiwa sasa hivi. Lakini kama ni karatasi tu, omba kurudia kabla ya kubeba jina hilo maisha yako yote.

Je, dawa zetu? Ziendelee au zisimame tunapougua?

Kumbukeni mwaka 2020. Haidroksiklorokwini, dawa ambayo wagonjwa wa lupasi wameimeza kwa miongo mingi, ilitangazwa duniani kama tiba ya UVIKO. Watu wasio na lupasi waliikimbilia, na wenye lupasi wakazunguka maduka ya dawa wakiambiwa imekwisha. Machi 28 Marekani iliruhusu itumike kwa dharura. Juni 15 ruhusa hiyo ikafutwa. Jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha haikuwasaidia wagonjwa wa UVIKO waliolazwa. Na wale waliokosa dawa yao? Tulishajua tangu mwaka 1991, kwa jaribio la Kanada, kwamba wagonjwa wa lupasi waliotulia wakiondolewa dawa hii, uwezekano wa ugonjwa kuamka huwa mara 2.5. Nilikasirika wakati ule na bado linaniuma. Dawa ambayo haikuwafaa wengine iliondolewa mikononi mwa wale iliowafaa.

Halafu kuna somo la pili kutoka mwaka ule ule. Madaktari wa baridi yabisi duniani walikusanya taarifa za wagonjwa wao walioambukizwa. Katika wagonjwa 600 wa mwanzo kutoka nchi 40, waliokuwa wakimeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, miligramu 10 au zaidi kwa siku walilazwa zaidi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ugonjwa usiodhibitiwa nao ulikwenda pamoja na hatari ya kifo. Mnaona ugumu wake? Steroidi nyingi ni hatari, na ugonjwa ulioachwa uwake ni hatari. Ndiyo maana tunataka kuushusha ugonjwa kwa dawa nyingine mapema, ili steroidi ibaki kidogo kadiri inavyowezekana, kabla virusi havijaja.

Lakini, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, steroidi haiachwi ghafla. Mwili uliozoea prednisoloni husahau kujitengenezea ya kwake, na ukiikata siku ya homa unaweza kuanguka, shinikizo likashuka, maisha yakaondoka. Ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai, ni safari ya hospitali, wanahitaji kukupa kwa sindano. Dawa za kushusha kinga kama methotreksati na sindano za kibaiolojia, hizo mara nyingi husimamishwa kwa muda wakati wa maambukizi makali, kwa kuzungumza na daktari. Na zikisimamishwa, kuwe na tarehe ya kuzirudisha. Nimewaona waliosimamisha kwa homa ya wiki moja, hakuna aliyewaambia warudie lini, wakakaa miezi mpaka viungo vikavimba upya. Kabla hujatoka kwa daktari, uliza: nirudie lini? Iandike.

Chanjo nitaipitia upesi kwa sababu wengi mnazo taarifa. Chanjo ya mafua, ya nimonia, ya UVIKO na ile ya mkanda wa jeshi isiyo na kirusi hai zinawafaa. Zenye kirusi hai, wanaotumia dawa za kushusha kinga waziulizie kwanza. Daktari anaweza kukushauri uruke methotreksati kwa wiki 2 baada ya chanjo ya mafua, ugonjwa ukiwa umetulia, ili chanjo ifanye kazi vizuri. Wanaopewa rituksimabu, mojawapo ya zile dawa za kibaiolojia, wapange chanjo kabla ya mzunguko unaofuata.

Sigara nayo: nikotini hubana mishipa ile ile tunayoizungumzia, kila pumzi. Sina njia laini ya kulisema.

Kuhusu kutembea na mazoezi, hapa kuna jambo linalohitaji uangalifu. Damu inapopita kwa kasi juu ya utando, utando hutoa nitriki oksidi zaidi. Mwendo ni dawa ya mishipa, kweli kabisa. Lakini wapo ambao baada ya virusi wakijitahidi kidogo leo, kesho au keshokutwa wanaanguka: viungo vizito, kichwa kama kimejaa ukungu, moyo unakwenda mbio wakisimama. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali ya baada ya UVIKO Oktoba 2021: dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu maambukizi, zinadumu angalau miezi 2, na hazina maelezo mengine. Baadhi ya watafiti wameona kapilari zilizopungua kwa wagonjwa kama hao. Kama hiyo ndiyo hali yako, usisukumwe. Gawanya kazi, pumzika kabla hujachoka, ongeza polepole sana. Na ninyi ndugu, msiwaite wavivu. Tafadhali. Mtu mwenye baridi yabisi amesikia neno hilo vya kutosha.

Tena msikubali kila uchovu uitwe "ya baada ya virusi." Inaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, moyo, mapafu, au ugonjwa wenu wenyewe umeamka. Vyote hivyo vinapimika, na vingi vinatibika.

Nimemaliza ya kwangu, nataka kusikia ya kwenu. Kabla ya maswali, wauguzi wapo upande wa mlango wakiwa na mashine za shinikizo la damu na vikombe vya mkojo. Yeyote aliyeugua homa katika miezi mitatu iliyopita aanze kwenda sasa. Hatawekewa alama ya kuchelewa, maswali yake tutamsubiri arudi. Wenye magoti mabaya watangulie, vijana wapisheni.